Kisafina cha Musa nilichosukiwa soko la Mbuyuni Moshi, na kimeelea kweli

Habari zenu wapendwa. Leo natoa riviu ya kikapu, ila sio kapu la kubebea nyanya, ni kisafina, kile alichowekwa mtoto Musa mtoni kwenye Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 2, nilichosukiwa na mama mmoja pale Mbuyuni hapa Moshi mwezi wa sita. Najua walimu wa shule ya jumapili wengi mkifika kwenye igizo la Musa mnahangaika na beseni la plastiki au boksi la juisi lililobandikwa makaratasi ya kijani, mimi nimefanya hivo miaka minne, kwahiyo nimeona niandike yote nilivyoyaona, bei, muda, kilichonifurahisha na ambacho hakikunifurahisha.

Ila nianze na kilichonipeleka maana bila hicho hamtaelewa kwanini nilitoa hela yote ile kwa ajili ya kikapu.

Mwezi wa tatu nilirudi kazini kutoka likizo ya uzazi. Sheria yetu ya kazi inampa mama siku 84, mapacha siku 100, sasa 84 ukigawa kwa wiki ni wiki 12, yaani miezi mitatu kasoro siku chache. Jumatatu ya kwanza nikamwacha mwanangu kwa bibi yake mtaa wa Pasua, nikapanda daladala na maziwa yananivuja mpaka kwenye blauzi, nikafika ofisini nimevaa koti juani. Jumapili iliyofuata somo la watoto likaangukia Kutoka 2, nikaanza kusoma kwa sauti kama siku zote, nilipofika pale mama yake Musa anamficha mwanae miezi mitatu Farao asimuue nikashindwa kuendelea, ikabidi mwalimu mwenzangu apokee kitabu. Hiyo sura naijua tangu niko mdogo lakini sijawahi kuhesabu ile miezi. Mtoto wa miezi mitatu sio kichanga tena jamani, anacheka kwa sauti, anakutafuta kwa macho, akilia jirani wa nyumba ya tatu anajua kuna mtoto. Ndio maana imeandikwa "hawezi kumficha tena", sio kwamba imani ilimwishia, ni sauti ya mtoto imekua kubwa kuliko nyumba.

Na kuna kitu kingine ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa. Kutoka 7 inasema Musa aliposimama mbele ya Farao alikua na miaka 80 na Haruni 83. Maana yake siku zile za kuficha, ndani ya ile nyumba kulikua na mtoto wa miaka mitatu anayeongea! Mama yeyote mwenye mtoto wa miaka mitatu anajua, huyo ndio anamwambia kila anayepita kwamba nyumbani kwetu kuna mtoto. Miezi mitatu nzima Haruni hakuropoka, au aliropoka na aliyesikia akanyamaza. Mimi hapo nauona mkono wa Mungu kabla hata hatujafika mtoni.

Basi nikaamua mwaka huu watoto waone kitu halisi, wakishike, wakione kikielea.

Nikaenda Mbuyuni jumamosi mapema, upande ule wanapouza mikeka, nyungo na matenga ya kuku, ukiuliza wanaosuka utaonyeshwa. Wauzaji wengi wananunua kwa jumla hawasuki wenyewe, wawili wakaniambia nichukue kapu lililopo nikalipake rangi. Wa tatu akanielekeza kwa mama mmoja mtu mzima, amekaa kwenye kigoda ana rundo la miyaa miguuni, anasuka ukili bila hata kuangalia vidole. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza. Nikamwambia nataka kapu la kumbeba mtoto wa miezi mitatu, lenye mfuniko, lisiingize maji. Akasimamisha mkono akaniangalia usoni. "La Nabii Musa hilo."

Huyu mama ni mtu wa Pangani, aliolewa huku bara zamani, ni muislamu na hadithi anaijua nje ndani, nyingine kunizidi. Akanisimulia ya kwao huku anaendelea kusuka, kwamba Mwenyezi Mungu alimpa mama yake Musa maneno moyoni, usiogope wala usihuzunike, mtie sandukuni umtie mtoni na mto utamfikisha ukingoni, na kwao aliyemchukua ni mke wa Firauni sio binti, na mtoto alikataa maziwa ya kila mnyonyeshaji aliyeletwa mpaka dada yake akasema nawajua watu wa kumlea. Hiyo ya kukataa maziwa kwetu haipo na ilinigusa sana maana wa kwangu wiki ile ile alikua anakataa chupa kwa bibi yake, anangoja mpaka nirudi saa kumi na mbili jioni.

Sasa kazi yenyewe. Tulikubaliana urefu futi mbili na nusu, upana futi moja na nusu, kitako bapa, ubavu wa ukili ulioshonwa mara mbili na ndani yake fito ili lisibonyee, na mfuniko wenye vitundu. Mfuniko nilisisitiza kwasababu picha nyingi za watoto zinaonyesha kapu liko wazi mtoto anaangalia mbingu, wakati Biblia inasema binti Farao alikifungua ndipo akamwona mtoto. Kitu kisichofunikwa hakifunguliwi. Yule mama alimfunika mwanae, jua la Misri lile, na macho ya watu.

Bei alianza na elfu hamsini na tano, tukafika 45,000 pamoja na mfuniko, nikatanguliza 20,000. Kwa kapu ni hela nyingi naelewa, ila kaa naye nusu saa uangalie, miyaa inalowekwa, inachanwa upana mmoja, inasukwa ukili mrefu mita na mita ndipo inaanza kushonwa kwa kuzungushwa kuanzia kitako, kila mshono anauvuta mpaka unasikia unalia. Nikaomba nishone mizunguko miwili, kidole gumba kilivimba siku mbili.

Muda hapo ndio lawama yangu ya kwanza. Aliniambia wiki moja, zikawa siku 11, na nilipoenda kuchukua mfuniko ulikua mdogo unadumbukia ndani. Alikubali kosa bila ubishi akasuka mwingine hapo hapo nikisubiri na hakunidai hata mia, lakini nilikua nimeomba ruhusa kazini na ruhusa zangu mwaka huu zimeshaisha zote kwa mambo ya mtoto. Kwahiyo ukiagiza mpe wiki mbili na upime mfuniko kabla hujaondoka.

Tukakijaribu hapo hapo nyuma ya banda, kuna pipa limekatwa nusu wanalowekea miyaa. Nikaweka mchele kilo sita ndani maana mtoto wa miezi mitatu ndio uzito wake huo huo, wa kwangu umri huo alikua na kilo sita na robo kliniki. Bila lami. Kilikaa vizuri kama dakika moja hivi, kisha ukaona mfuko wa mchele unabadilika rangi kwa chini, dakika ya nne kimeinama upande mmoja, dakika ya sita kimezama. Nilijua kitazama, nimekileta kwa ajili hiyo, lakini kuuona ule mfuko unaenda chini taratibu bila sauti yoyote, mwili ulinisisimka na yule mama akasema astaghfirullah akauinua haraka kama vile kuna mtu ndani.

Ndipo nikamsomea ule mstari, "akakipaka sifa na lami". Tangu utotoni nilielewa sifa ni sifa, yaani alikipaka huku anamsifu Mungu, anaimba, na nimewafundisha watoto hivo. Mama akatikisa kichwa. Sifa mwanangu ni mafuta ya papa, kwetu Pangani ndio wanapaka majahazi na ngalawa mbao zisile maji, baba yangu alikua anapaka, ukipaka leo kesho kutwa mikono bado inanuka na hata chakula hakiliki.

Nilikaa na hilo neno wiki nzima. Mama yake Musa alikua mtumwa, watu wake wanafyatulishwa matofali kujenga Pithomu na Ramesesi, ameficha mtoto ambaye amri ya mfalme inasema atupwe mtoni, na anakaa usiku anapaka kitu kinachonuka, mshono kwa mshono, anapitisha kidole kila tundu kuangalia kama limeziba. Waebrania 11 inasema walimficha kwa imani wala hawakuiogopa amri ya mfalme. Mi saivi nikisikia neno imani naona vidole vyeusi. Na Nuhu aliambiwa aipake yake lami ndani na nje, na cha kupendeza ni kwamba kwa Kiebrania chombo cha Nuhu na cha Musa ni neno moja, teva, na Biblia nzima halitumiki tena kwa kitu kingine zaidi ya hivo viwili. Waliotutafsiria Kiswahili waliliona wakatuwekea safina na kisafina. Kimoja kilibeba watu wanane na wanyama wote wa duniani, kingine kilo sita.

Lami utanunua mwenyewe, hiyo haipo kwenye bei. Nilienda duka la hadwea nikaomba ile nyeusi mafundi wanayopaka kwenye slabu maji yasipite, kopo dogo, na brashi. Mafuta ya papa Moshi nani atakupa. Nikapaka ndani na nje, nikaanika siku tatu, nikarudia. Nikiri kwamba harufu ni kali na inakaa, mpaka leo, mwezi wa pili tangu nikipake, ukiinua mfuniko inakupiga, na ukikiacha juani inalainika na kushika nguo. Tafadhali msimweke mtoto halisi, hata kwa picha ya dakika mbili, sisi tulitumia mdoli na mchele.

Kitu ningewashauri mfanye na watoto kabla ya igizo, tuliwapa Biblia wakae wawili wawili wahesabu Kutoka 2 mstari wa 1 mpaka wa 10 Mungu ametajwa mara ngapi. Walihesabu na kurudia. Kijana mmoja wa darasa la tano akanyoosha mkono akasema, mwalimu, Mungu hayupo. Kweli hayupo. Sura ya kwanza yupo, pale Shifra na Pua wale wakunga walipomcha Mungu wakakataa kuua watoto wa kiume, na atatajwa tena mwishoni mwa sura ya pili akisikia kuugua kwa Waisraeli, lakini kwenye mtoto mwenyewe, kapu lenyewe, mto wenyewe, hakuna jina lake wala malaika wala ndoto. Kuna mama, dada, binti wa mfalme na kijakazi aliyetumwa kuingia kwenye matete. Farao alisema wavulana wauawe wasichana waachwe hai, hakuwaona kama ni tatizo, na kila mkono uliomshika Musa mpaka hapo ni wa mwanamke. Hayo ndio majaliwa ninayoyaamini mimi, Mungu ambaye hasemi neno na hakuna hata mkono mmoja uliochelewa.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba tukaenda mto Karanga, watoto 27, wazazi 6, sehemu maji yanafika magotini na kuna matete pembeni. Maji yale yanatoka juu mlimani, baridi yake unaisikia kwenye mifupa. Msiende masika, mto unajaa na hauchezewi.

Jaribio la kwanza tuliweka kisafina katikati penye mkondo kwasababu watoto wote walisema hivo ndivyo ilivyokua, kinaelea kinasafiri mpaka ikulu. Kikaondoka! Kimeelea vizuri kabisa, hakikuinama, lakini kilienda kwa kasi ya mtu anayetembea, kikazunguka, kikagonga jiwe, baba mmoja ikabidi aingie na suruali yake kukidaka. Ndani mchele mkavu, nilipitisha kiganja chote kitakoni hakuna tone. Hapo ndio nikawaambia turudi tusome, mama yake Musa alikiweka wapi? Katika majani kando ya mto. Hakukiachia mkondo. Tukakiweka kwenye matete na kikatulia palepale, kinapanda na kushuka kidogo kama mtu anapumua, dakika arobaini kilikua hapo hapo. Yaani yule mama alichagua mahali, akijua matete yatakishika, na binti Farao anashuka kuoga upande huo, au hakujua hilo la mwisho na hapo ndio sehemu ya Mungu, sijui kuzitenganisha na sidhani kama zinatenganishwa.

Sehemu ya mshahara niliwapa hela ya kweli. Binti aliyekua binti Farao alimpa aliyeigiza Jokebedi, mama yake Musa, shilingi 500 kiganjani akisema maneno yake, nami "nitakupa mshahara wako", na yule mtoto wa miaka tisa aliyeigiza mama alifunga kiganja akamkumbatia mdoli bila mtu kumwelekeza. Wazazi wawili niliwaona wanafuta macho. Asubuhi mtoto wako ni marufuku kuishi, jioni unamnyonyesha mlango wazi, analia atakavyo, na hela inatoka kwenye nyumba ile ile iliyotoa amri. Mimi nyumbani nina karatasi ya sheria inayoniruhusu masaa mawili kwa siku kwenda kunyonyesha, niliiomba mara tatu pale ninapofanya kazi kabla ya kukubaliwa, na siku niliyokubaliwa nilitembea kwenda Pasua nikiwaza huo mstari wa tisa njia nzima.

Mengine, kwamba alikua akapelekwa ikulu, akaitwa Musa kwa kuwa alitolewa majini, na Stefano kwenye Matendo 7 anasema alifundishwa hekima yote ya Wamisri, hayo tuliyapitisha haraka watoto walishaanza kuangalia chupa za chai.

Kwa ujumla nampa yule mama nyota nne na nusu. Kazi yake ni ya kweli, kapu limebeba mchele kilo sita mtoni likarudi kavu, mshono haujaachia mpaka leo. Nusu nimekata kwa siku zilizozidi na mfuniko wa kwanza. Ukienda nenda kabla ya saa nne asubuhi, baadae anarudi nyumbani kupumzika, na usibishane bei sana. Mwambie ni kama lile la mwalimu, atakuelewa, na atakusimulia. Nilimrudishia picha za mtoni kwenye simu, akazitazama moja moja kwa muda mrefu, akauliza "mamba hakuna huko?", nikamwambia Karanga hakuna, mama. Akasema Nile walikuwepo.

Nisisahau mtoto aliyekua Miriamu, dada yake Musa. Biblia inasema umbu lake alisimama mbali ajue yatakayompata, nikampanga juu kwenye ukingo chini ya mti, nikamwambia wewe kazi yako ni kuangalia kapu tu usitoe macho. Igizo likaisha, tukaomba, tukagawa chai na maandazi, nahesabu watoto napata 26. Nikageuka, bado yuko kule juu amesimama, upepo unamvuta kitenge. Nikamwita njoo unywe chai imepoa. Akanijibu kwa sauti bila kugeuza shingo, mwalimu, kisafina bado kiko majini.